Nadi: mikondo ya yoga mbele ya daktari, mchungaji na mganga

Ukiuliza Lubumbashi kama mwili wa binadamu una mikondo ya nguvu inayoitwa nadi, utapewa majibu manne yanayogombana. Karavia, upande wa hoteli kubwa na uwanja wa golfu ambako wageni wa makampuni ya madini hufikia, yoga ni mazoezi ya viungo ya kuondoa uchovu, na nadi hutajwa kwa mbali bila kufafanuliwa. Katika kanisa la uamsho la mtaa wa Katuba au wa Kenya, nadi ni mlango wa mapepo. Muuza dawa za kienyeji atakuambia ni nguvu zilezile za wahenga, zimepewa tu jina la Kihindi. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni atasema kitu hicho hakimo katika vitabu vya anatomia, kisha atamwita anayefuata.

Juu ya hayo kuna yanayoingia kwa simu: video za Kifaransa na Kiingereza zenye picha ya mtu aliyekunja miguu, mgongoni kwake zimepangwa duara saba zenye rangi za upinde wa mvua, pamoja na ahadi kwamba mikondo ikizibuliwa, kisukari, ugumba na mikosi ya kazini vitaondoka. Msikilizaji anavutwa na hofu huku na tamaa kule, wala hana kipimo cha kuchagulia.

Mkanganyiko huu unatokana na maswali matatu kufungwa katika furushi moja. Je, mikondo hii ni viungo vya mwili? Je, mazoezi yake yana faida? Je, mwenye imani yake anaweza kuyafanya bila kuisaliti? Jibu la moja halileti jibu la jingine. Mtu anaweza kulikataa la kwanza, akalikubali la pili kwa masharti, na la tatu akaliamua yeye na Mungu wake. Huo ndio msimamo wa makala haya, lakini kila upande unastahili kwanza kusikilizwa kwa hoja yake iliyo bora.

Wenyewe wanasema nini

Mafundisho ya nadi ni ya kale kuliko mazoezi ya viungo tunayoyaona leo. Upanishadi ya Chandogya, andiko takatifu la Kihindu lililotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo, inataja mikondo 101 inayotoka moyoni, na mmoja wao unapanda hadi utosini. Roho inayotokea hapo wakati wa kufa huepukana na mauti. Upanishadi ya Brihadaranyaka inataja mikondo 72,000. Upanishadi ya Prashna inapiga hesabu kubwa zaidi: kila mmoja wa ile 101 una matawi 100, na kila tawi lina vijitawi 72,000, jumla zaidi ya milioni 727. Hatha Yoga Pradipika ya Svatmarama, kitabu cha karne ya 15, inashikilia 72,000, ilhali Shiva Samhita inasema 350,000, kati yake 14 ikiwa mikuu.

Juu ya mitatu hawagombani. Ida iko kushoto na hufikia tundu la kushoto la pua. Ni ya mwezi na ubaridi. Pingala iko kulia, ni ya jua na joto. Sushumna inapita katikati, ikifuata uti wa mgongo, kutoka chini ya kiwiliwili hadi kichwani. Kwa kawaida pumzi hai, ambayo Wahindi huiita prana, huzunguka katika ida na pingala, na mlango wa sushumna hubaki umefungwa. Kazi ya mwanayoga ni kusafisha mikondo, kuisawazisha ile miwili ya pembeni, kisha kuiingiza prana katikati. Akifaulu, nguvu iitwayo kundalini, iliyolala chini ya mgongo, huamka na kupanda ikipita vituo viitwavyo chakra, na mawazo yake hutulia kabisa.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu hukaa mgongo ukiwa wima, akaziba tundu la kulia kwa kidole gumba na kuvuta pumzi polepole kwa kushoto. Kisha huziba kushoto kwa kidole cha pete, akaachia kulia, akavuta kwa kulia, akatolea kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Pradipika inaahidi kwamba afanyaye hivyo kwa bidii, akiongeza kuzuia pumzi, atakuwa na mikondo safi ndani ya miezi mitatu.

Sasa tazama jinsi hesabu zinavyotofautiana. Hakuna anatomia inayoweza kuruka kutoka 101 hadi 72,000 hadi milioni 727 bila mtu kuona aibu, na bado wafasiri wa zamani hawakuona aibu yoyote. Hata rangi hazifanani. Katika Shat-chakra-nirupana, maandiko ya Purnananda wa Bengal ya mwaka 1577 ambayo ndiyo chimbuko la michoro mingi ya chakra, kituo cha kitovuni kina petali kumi zenye rangi ya wingu zito la mvua. Kwenye simu kituo hicho ni cha njano. Upinde wa mvua uliongezwa Magharibi katika karne ya 20.

Tofauti hizi zinaeleweka tukikumbuka waandishi walikuwa wakifanya kazi gani. Walikuwa walimu wanaomwelekeza mwanafunzi: kaa hivi, vuta pumzi huku, peleka fikira hapa, ione nuru pale. Kila shule iliweka idadi na vituo kulingana na zoezi lake na miungu yake. Maandiko haya yanaagiza kitu cha kufanya, na anayeyasoma kama ripoti ya uchunguzi wa mwili anayadai kitu ambacho hayakukusudia kutoa.

Walioitafuta kwa kisu

Hata hivyo wapo walioyasoma hivyo, na mmoja wao wa mapema alikuwa Mhindi mwenyewe. Dayananda Saraswati, aliyekuja kuanzisha jumuiya ya Arya Samaj mwaka 1875, alisimulia jinsi alivyokutana na maiti ikielea mtoni Ganges katika miaka ya 1850, wakati alipokuwa mzururaji mwenye mzigo wa vitabu vya yoga. Aliivuta ukingoni, akaipasua kwa kisu, akalinganisha alichokiona na kurasa za vitabu vyake. Hakuona chakra wala nadi kama zilivyoandikwa. Alivichana vitabu na kuvitupa mtoni pamoja na maiti.

Kizazi kilichofuata kilichagua njia nyingine: kuokoa mikondo kwa kuipa majina ya kitabibu. Swami Vivekananda, katika Raja Yoga ya 1896, aliandika kwamba ida na pingala ni mikondo miwili ya neva ndani ya uti wa mgongo, na sushumna ni tundu linalopita katikati ya ugwe wa mgongo. Mwaka 1927 daktari Vasant Rele wa Bombay alisema kundalini ni neva ya vagasi. Sababu ya juhudi hizi tunaijua vizuri sisi tuliotawaliwa. Mkoloni alikuwa ameshasema kwamba elimu ni ile ya maabara tu, na kila alichokuwa nacho mtawaliwa kilipaswa kuvaa koti jeupe ndipo kiheshimiwe.

Upande huu una nguvu yake. Kweli kuna minyororo miwili ya neva za simpathetiki kushoto na kulia mwa uti wa mgongo, na ukiichora kwa mbali inafanana na ida na pingala. Tena dai lake ni la uaminifu kwa maana moja: linaweza kupimwa, kwa hiyo linaweza kushindwa.

Nalo limeshindwa. Ugwe wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, wakati sushumna inasemekana kuanzia chini kabisa, karibu na mahali tunapokalia. Tundu la katikati ya ugwe hupitisha maji ya ubongo na mgongo, halipitishi pumzi, na kwa watu wazima wengi huwa limezibika bila madhara yoyote. Hewa tunayovuta huishia mapafuni. Kinachoendelea mbele ni oksijeni, tena ndani ya damu. Na kila mwandishi alichagua neva yake: huyu ugwe, yule vagasi, mwingine mafundo ya neva ya tumboni. John Woodroffe, jaji wa Kiingereza wa Calcutta aliyetafsiri maandiko ya Purnananda katika The Serpent Power ya 1919, alionya mapema kwamba chakra zisichukuliwe kuwa ni mafundo ya neva. Wauzaji wa leo wanakitaja kitabu chake na kuliacha onyo lake.

Kwa swali la kwanza, basi, daktari wa Lubumbashi yuko sahihi. Anapokosea ni pale anapodhani amemaliza mazungumzo.

Pua, pumzi na hewa ukaa

Kuna mambo matatu ambayo wanayoga waliyaona kwa umakini na ambayo sayansi imeyakuta, ingawa imeyaeleza vingine.

La kwanza ni pua. Kwa watu wengi wenye afya matundu mawili hayapitishi hewa sawasawa: nyama za ndani ya upande mmoja huvimba kidogo kwa damu, za upande wa pili hunywea, na baada ya saa kadhaa hubadilishana. Daktari Mjerumani Richard Kayser aliandika juu ya zamu hii mwaka 1895. Wanayoga walikuwa wameshaitambua karne nyingi kabla, wakaijengea elimu nzima ya kujua lini ida inatawala na lini pingala. Uchunguzi wao ulikuwa wa kweli. Waliyoyajenga juu yake, kwa mfano kwamba tundu la kulia likitawala ndipo uanze biashara fulani, hayana ushahidi. Na Lubumbashi wakati wa kiangazi, Julai na Agosti, vumbi jekundu na moshi wa makaa huziba pua za watu wote. Anayeambiwa kwamba tundu lake la kushoto limeziba kwa sababu ida yake ni chafu angepaswa kwanza kuosha pua.

La pili ni kasi ya pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti wa watu wazima 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya yoga. Sala na mantra zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na kwa kasi hiyo mfumo unaorekebisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo uliitika vizuri zaidi. Kwa mji wenye mabibi wanaosali rozari kila jioni, matokeo haya yana uzito wa pekee. Mwili hauulizi maneno yametoka India au Roma, unaitikia mwendo. Baadhi ya tafiti za kupumua kwa kupokezana matundu zimeonyesha shinikizo likishuka kidogo, lakini nyingi ni ndogo na hazikupangwa kwa uimara, na ni vigumu kusema faida imetokana na kupokezana matundu au na kupumua polepole tu.

La tatu ndilo linalopotosha watu zaidi. Katika mazoezi ya kupumua kwa haraka na kwa nguvu, wengi huhisi vidole na midomo ikichonyota, kichwa kikiwa chepesi, mikono ikikakamaa. Mwalimu husema nguvu imeanza kupita. Kinachotokea ni kwamba hewa ukaa imetolewa mwilini kupita kiasi. Tindikali ndani ya damu inapungua, kalsiamu iliyo huru ndani yake inapungua, neva zinakuwa nyepesi kusisimka, na mishipa ya damu ya ubongo inabana. Hisia ni za kweli kabisa, na yeyote anayemwambia mwanafunzi kwamba amezibuni anamdhulumu. Ila chanzo chake kinajulikana, na kupumua taratibu kwa dakika chache kunaziondoa.

Hapa mfano wa tiba ya sindano ya Kichina unafaa, kwa maana nayo ina ramani ya mikondo. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uligawa wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo katika makundi matatu. Waliochomwa kwenye vituo vya ramani, 47.6 kwa mia walipata nafuu. Waliochomwa kijuujuu mahali pasipo na kituo chochote, 44.2 kwa mia. Waliopewa matibabu ya kawaida, 27.4 kwa mia. Sindano, mapumziko, kuguswa na kusikilizwa vilisaidia. Ramani haikuongeza kitu cha kutajika. Nadi huenda ziko katika hali iyo hiyo: zoezi linafaa, na maelezo ya kwa nini linafaa hayajathibitika.

Je, ni nguvu za wahenga?

Hoja hii ndiyo inayogusa Katanga kwa karibu, na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Mwaka 1945, hapa hapa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, shirika la uchapishaji la Lovania lilitoa La philosophie bantoue ya Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyekuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Waluba. Wakili Antoine Rubbens ndiye aliyekitafsiri kwa Kifaransa. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu, kuwepo ni kuwa na nguvu: nguvu ya uhai inaongezeka au kupungua, inapokewa kutoka kwa wakubwa na wahenga, inaharibiwa na mchawi, na inarudishwa kwa mganga. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga, alikipinga kitabu hicho kwa nguvu. Miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière huko Kolwezi, mafundisho ya Tempels yalizaa Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililozungumza na kufundisha kwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza na kuliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Wanajamaa walijenga mafundisho yao juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Aliyekulia katika mazingira hayo akisikia habari za prana, ataona kama anarudishiwa kitu chake. Uzima unaopungua na kuongezeka, nguvu isiyoonekana inayoweza kuzibwa na kuzibuliwa: mfanano upo, na tusiudharau. Unaonyesha kwamba watu wa mabara mawili walijiuliza kwa nini mtu aliye hai anatofautiana na maiti yenye viungo vilevile.

Lakini ukisogea karibu, mambo hayo mawili yanatengana. Uzima wa Jamaa unapita kati ya watu. Mtu mmoja peke yake hana uzima kamili. Anaupata kwa mzazi, kwa mwenzi, kwa mtoto, kwa waliotangulia. Baba na mama wa Jamaa walikutana wawili wawili, na uzazi, wa mwili na wa roho, ulikuwa ndio ushahidi kwamba uzima upo. Nadi ziko ndani ya mwili mmoja uliojifunga. Wengi wa walioandika vitabu vya hatha yoga walikuwa watawa walioacha nyumba na ukoo, na mafundisho yao yanasisitiza kuhifadhi mbegu ya uzazi isitoke, kwa kuwa kuitoa ni kupoteza uhai. Kwa mwanajamaa, uhai usiozaa umepungua. Kwa mtawa wa yoga, uhai unaozaa umevuja. Huwezi kuyaita mambo mawili yanayovutana hivyo kuwa ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Tena historia ya Tempels mwenyewe inatuonya. Mshairi Aimé Césaire aliandika mwaka 1950 kwamba ukishamsifu Mbantu kwa falsafa yake ya nguvu, unapata kisingizio cha kutomlipa mshahara mzuri wala kumpa nyumba nzuri. Mwanafalsafa Paulin Hountondji, katika kitabu chake cha 1976, alilaumu kwamba padri aliwatungia watu wote fikira moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitetea kwa jina lake. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alionyesha mwaka 1988 katika The Invention of Africa jinsi maarifa mengi juu ya Afrika yalivyosukwa na wamisionari na wanaanthropolojia. Tempels na Vivekananda walikuwa na nia njema, na walifanya jambo lilelile: walichukua mambo ya maisha na ibada, wakayapanga yaonekane mfumo mbele ya macho ya Ulaya. Mganga wa leo anayeunganisha mifumo hiyo miwili anarithi makosa ya wote wawili.

Hofu ya kanisani na msikitini

Wachungaji wa uamsho huchekwa na wasomi, na si haki. Maandiko ya nadi ni ya dini. Kundalini ni mungu wa kike, na lengo la kumpandisha ni kumuunganisha na mungu Shiva utosini. Anayesema yoga haina dini kabisa hajavisoma vitabu hivyo. Mchungaji anayeuliza "nguvu hii ni ya nani?" anauliza swali ambalo Svatmarama mwenyewe angelielewa.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba unabebesha pumzi kosa la mafundisho. Kama kupumua polepole ni pepo, rozari nayo ingekuwa na pepo, kwa sababu utafiti wa Pavia umeonyesha rozari na mantra vinafanya kazi moja mwilini. Kanisa Katoliki limekuwa na tahadhari ya aina nyingine. Barua kwa maaskofu ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, inasema njia za kutafakari za dini nyingine zisikataliwe kwa sababu tu si za Kikristo. Yaliyo mema yachukuliwe mradi sala ya Kikristo isipotezwe. Barua hiyohiyo inaonya kwamba utulivu, joto au nuru inayohisiwa mwilini isidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo linapatana kabisa na habari ya hewa ukaa.

Kwa Waislamu, Baraza la Maulamaa la Indonesia liliamua mwaka 2009 kwamba yoga yenye mantra na ibada ni haramu, na ile ya mazoezi ya mwili peke yake inaruhusiwa. Mjadala wenyewe ni wa zamani. Katika karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, shehe wa kisufi, aliandika kwa Kiajemi Bahr al-Hayat, akayageuza mafundisho ya yoga ya pumzi yaingie katika dhikri ya Kiislamu. Wafuasi wa tarika ya Kadiria, kuanzia Zanzibar hadi Maniema, wanajua mwendo wa pumzi katika dhikri unavyoweza kumshika mtu, na hawakuhitaji nadi kuueleza.

Gharama za kila njia

Kukataa kila kitu kuna gharama. Kupumua polepole hakuhitaji dawa, umeme wala pesa, na katika mji ambamo familia nyingi hulipia matibabu mfukoni, kumnyima mwenye wasiwasi au usingizi mbovu njia hiyo kwa sababu ya jina la yoga ni hasara ya bure.

Kukubali kila kitu kuna gharama kubwa zaidi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa watu wa Katanga, hasa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Katika eneo kama hili, mtu mwenye kifua kinachobana au uchovu usioisha anaweza kuwa na jambo linalohitaji maabara. Akiambiwa pingala yake imeziba, akalipa vikao mwezi baada ya mwezi, ugonjwa unapata muda wa kukomaa. Mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge kwa kuamini mikondo yake imesafishwa anaweza kupatwa na kiharusi. Kuzuia pumzi kwa muda mrefu kunaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito hapaswi kujaribu.

Kuna pia madhara ya kutafakari kwenyewe. Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Marekani walichapisha mwaka 2017 mahojiano na watafakari wazoefu. Baadhi yao walieleza mitetemo, joto na hisia za umeme mwilini, pamoja na hofu na kukosa usingizi, na kwa wengine hali hizo ziliwasumbua kwa muda mrefu. Hapa wenye mapokeo ya nadi wana kitu ambacho daktari hana: msamiati wa kuzungumza na mtu huyo bila kumwita kichaa, na desturi ya kutomwacha mwanafunzi bila mwalimu. Daktari naye ana kitu wasicho nacho, uwezo wa kutambua kifafa, ugonjwa wa tezi au ugonjwa wa akili unaoanza. Lubumbashi mtu wa namna hii mara nyingi angepelekwa kwanza kwenye maombi ya kufukuza pepo, na huko asingepata hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mizani

Hoja ya anatomia imeanguka, na haifai kurudishwa kwa kubadilisha jina la neva. Hoja ya wahenga inapendeza lakini inafuta tofauti ambayo ndiyo kiini cha uzima kama Wakatanga walivyoufundisha. Hoja ya mchungaji ni ya kweli juu ya vitabu, na imezidi kipimo juu ya pua na mapafu. Inayobaki na uzito ni kuzichukua nadi kama maelekezo ya kuongoza fikira na pumzi. Mwanafunzi anayeambiwa aifuate pumzi kutoka tundu la kushoto hadi chini ya mgongo anapewa kazi ya kushughulisha akili, anapunguza mwendo, anatulia. Anaweza kuifanya kazi hiyo bila kuamini kwamba kuna mfereji, na Mkatoliki anaweza kuipata kwa punje za rozari.

Kwa hiyo mwalimu wa Karavia anayefundisha zoezi hili ana wajibu wa kusema waziwazi mikondo ni nini katika mapokeo yake, kukiri kwamba ina asili ya kidini, na kutoahidi tiba. Anayekuambia mkondo wako umeziba aulizwe: umejuaje, na ungeona nini ukasema haujaziba?

Na kuna swali moja linaloweza kujibiwa hapahapa, bila mashine ya gharama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba, na mji una wagonjwa wa shinikizo la damu wa kutosha wanaokubali kukaa dakika kumi kila siku. Kundi moja lipumue kwa kupokezana matundu likielezwa habari za ida na pingala. La pili lisali rozari au lihesabu pumzi sita kwa dakika, bila habari hizo. La tatu likae kimya. Wote waendelee na vidonge vyao, wapimwe na mtu asiyejua nani yuko kundi gani. Makundi mawili ya kwanza yakilingana, tutajua kwamba kwa shinikizo la damu mikondo haiongezi kitu juu ya pumzi. La kwanza likizidi, itabidi tutafute kama kilichozidisha ni pua yenyewe au ni maelezo mwanafunzi aliyoyaamini.